Kabureta ya Shemeji Abdulazizi

Maskati, 9 Februari 2024

Dada yangu Hajra,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yako Adila, na kwamba magoti yamepunguza ukorofi. Mimi huku mzima kabisa, tumbo tu ndilo linatangulia kufika kila ninapokwenda.

Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatia. Karatasi haikatiki, utaisoma mpaka mwisho hata ukinuna.

Adila kanieleza habari za lile gari la Pijo la marehemu mumeo. Eti ufunguo unachomolewa, injini inaendelea kukohoa peke yake, na mtaa mzima wa Dunda unasema shemeji Abdulazizi hajashuka. Dada, mimi nimefungua injini Mombasa, Jeda na hapa Maskati, na sijakuta jini hata mmoja aliyekubali kukaa kwenye joto lile. Sikiliza nikusomeshe, japo darasa la sita nililionea dirishani. Gari likizeeka, masizi hugandia ndani ya kichwa cha injini. Yakipata moto hubaki mekundu kama kaa la jikoni. Sasa unazima ufunguo, cheche za plagi zinakatika, lakini kabureta haina akili, inaendelea kuachia petroli. Petroli ikigusa kaa, inawaka. Ndiyo injini inajiendesha. Si jini, si kosa la gari, ni uzee.

Dawa yake ni kuing'oa kabureta na kufunga injekta. Injekta inanyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta ndogo. Ukizima ufunguo, amri imekwisha na petroli imekatika. Kimya. Nitakutumia vifaa vyote, tajiri wangu hapa mwenyewe ananiita daktari.

Mdogo wako asiye na mpinzani,
Haidar


Bagamoyo, 2 Machi 2024

Mdogo wangu Haidar,

Waalaykum salaam, na marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Magoti ni yaleyale. Adila anakuamkia, anasema hilo tumbo lipunguzie wali.

Habari ya makaa nimeisoma na nimeielewa. Lakini wewe hukuwepo. Shemeji yako alianguka akafa Lugoba, mchana, anashusha papa wakavu aliowatoa Saadani. Twalha, fundi wa Kerege, alikuwa naye safari ile. Ndiye aliyemrudisha, kamlaza kiti cha nyuma ndani ya hilihili Pijo lake. Wakafika hapa, Twalha akachomoa ufunguo. Wakamteremsha, wakamwingiza ndani, wakamlaza kitandani, na mimi nasikia gari huko nje bado linakohoa. Kabla ya siku ile halikuwa na tabia hiyo.

Tena si kikohozi chochote tu. Unakumbuka alivyokuwa akirudi nyumbani? Anasimama mlangoni, anakohoa kidogo, ananyamaza, anakohoa tena, ili kama kuna wanawake wageni wajitande. Ni kilekile. Anangoja aambiwe apite. Na mimi sijui nimwambie pita, au nimwambie nenda.

Usitume kitu.

Dada yako,
Hajra


Maskati, 28 Machi 2024

Dada Hajra,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Habari za swaumu? Mimi nafunga vizuri, ila kufungua ndiko ninakofanya kwa juhudi zaidi.

Umeniambia nisitume, nimetuma. Bi Biubwa, jirani yangu wa hapa, anakuja kula Idi kwao huko, boksi analo. Mna injekta na kikombe chake, pampu, sensa ya kupima moshi, ya kufunga kwenye bomba la ekzosi, kompyuta ukubwa wa pakiti ya tende, na nyaya kama tambi. Mwambie Twalha mipira ya petroli abadilishe yote, maana pampu hii ina nguvu, mipira ya zamani itapasuka iunguze gari. Na asiunganishe nyaya kwa kubahatisha kama alivyofunga ndoa zake.

Ile ya kikohozi nimecheka, dada. Halafu nikasimama kusali, nikasahau niko rakaa ya ngapi.

Mdogo wako bingwa,
Haidar


Bagamoyo, 17 Agosti 2024

Mdogo wangu Haidar,

Salaam nyingi. Habari za kazi na joto la huko? Utaniwia radhi kwa kimya hiki.

Boksi lilifika. Nililisukuma chini ya kitanda, nikamwambia Adila ni vyombo. Kila siku akishaondoka kwenda kazini, mimi naingia kwenye banda la gari, nafunga milango ili majirani wasisikie, naketi mbele, naliwasha. Naliwasha ili nilizime. Nikizima, anakohoa. Namuuliza jambo, anakohoa. Akinyamaza, naliwasha tena.

Juzi Adila alisahau simu yake akarudi kuichukua. Alinikuta nimelalia usukani, akaniburuta mpaka uani. Daktari kasema ni moshi, na kwamba tungechelewa kidogo tu wangekuwa wananishonea sanda. Sasa ufunguo Adila ameuvaa shingoni kwa uzi, na hasemi na mimi. Anadhani nilitaka kufa. Sikutaka kufa, Haidar. Nilitaka anijibu.

Na nikwambie lililonitisha. Nilipokuwa nazama, kikohozi hakikutoka tena kwenye injini. Kilitoka kiti cha pili, ubavuni kwangu.

Wewe unayejua kila kitu, niambie. Nani alikuwa akinikoholea?

Dada yako,
Hajra


Maskati, 25 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona? Umeanza kula? Leo mzaha sina. Nimeutafuta mfukoni nimeukosa.

Unaniuliza nani. Mimi ningesema masizi. Basi tuseme si masizi, tuseme mimi ni mjinga. Shemeji Abdulazizi alikuwa akiendesha na madirisha wazi hata mvua ikimpiga usoni, kwa sababu harufu ya papa inakuumiza kichwa. Mtu yule ndiye akuite ndani ya banda lililofungwa, ukae uvute moshi? Ama ni masizi, ama ni kitu kingine kilichojifunza kukohoa kama yeye. Yeye siye. Kwa vyovyote vile kabureta itoke.

Nimezoea kukuamrisha kwa makelele. Leo nakuomba. Shemeji sikumzika, pasipoti ilikuwa mikononi mwa tajiri na tajiri alikuwa safarini. Usinifanye nikose maziko mawili.

Mdogo wako,
Haidar


Bagamoyo, 30 Septemba 2024

Mdogo wangu Haidar,

Marahaba, na salaam. Nakula. Hata mchuzi wa Adila nakula, na unajua anavyozidisha chumvi.

Tumeifunga injekta. Twalha alishinda hapa kuanzia asubuhi, barua yako kaibandika ukutani, kila akikwama anaisoma na kukutukana. Alipomaliza tukafungua milango yote ya banda. Adila akavua ule uzi shingoni, akanitilia ufunguo mkononi. 

Nikawasha. Likaitika mara moja, bila kuvuta choki, linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Nikazima, likazima. Nikangoja. Nikasikia kuku wa jirani wanaparura. Nikasikia Adila anavyovuta pumzi mlangoni. Basi. Hakikutoka kikohozi chochote, na hapo ndipo nilipolia kile kilio ambacho siku ya maziko hakikuja. Adila alinishika mpaka kikaisha.

Kabureta Twalha ameikataa, anasema ana watoto wadogo nyumbani. Mimi moyo wa kuitupa sina, na kulala nayo nyumba moja siwezi. Bi Biubwa, aliyekuwa kwao tangu Idi, sasa anarudi huko, nimempa, nimeifunga ndani ya kikoi cha marehemu. Wewe usiyeogopa kitu, kaa nayo. Ila nataka unieleze ukweli kama utaona lolote.

Dada yako,
Hajra


Maskati, 11 Novemba 2024

Dada Hajra,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Mimi sijambo, nimekonda kidogo, suruali zimeanza kunidai mkanda.

Kabureta nimeipokea. Niliiweka rafuni juu ya vikombe vya chai, nikawatambia wenzangu pale gereji kwamba ndani mna shemeji yangu. Wakacheka sana, nami nikacheka.

Sasa pana Pijo kuukuu la mteja mmoja. Injini nimeijenga mimi, kichwa nimekisugua kwa mikono yangu kikang'aa kama sahani ya harusini. Hamna masizi hata ya kupaka kope. Nikafunga kabureta yako ili nikuandikie barua ya kukucheka. Nikawasha, nikazima.

Akakohoa, dada. Akanyamaza, akakohoa. Nimekufungulia kichwa kile mara ya pili kutafuta kaa, hakuna. Sina somo la kukupa.

Umetaka ukweli, nakupa wote. Siku aliyozikwa mimi nilifanya kazi mpaka jioni, nikala, nikalala, sikutoa chozi. Aliyenishikisha spana ya kwanza maishani mwangu ni yeye. Basi sasa vijana wakienda kusali adhuhuri, nabaki nyuma, naketi kwenye gari, namsimulia mambo yangu. Anasikiliza vizuri. Akinyamaza, naliwasha tena. Nimeanza na kufunga milango, wasije wakaniona nazungumza na usukani.

Usihofu. Mimi ni fundi, moshi naujua.

Mdogo wako,
Haidar


Bagamoyo, 24 Novemba 2024

Haidar,

Salaam. Hali yako sikuulizi, nimeshaisoma.

Nimekupigia simu hupokei. Nikampigia Bi Biubwa, akaja gerejini kwenu, akakuta milango imefungwa na wewe ndani, umesinzia mdomo wazi. Ufunguo wa gari lile sasa uko kwake. Usimwendee kwa maneno matamu, nimemwambia unayo mengi.

Pasipoti yangu imetoka, na viza Bi Biubwa ameshaishughulikia. Sijapata kuvuka hata Kunduchi bila mume wangu, lakini nakuja. Adila atanipeleka uwanja wa ndege kwa Pijo. Twalha amenionyesha nati za kabureta, ni chache, wala hazitaki nguvu. Nitaing'oa mwenyewe.

Wewe kula, toka nje, kaa na watu. Na akikohoa kabla sijafika, usimjibu. Mimi ndiye mkewe. Nitamjibu mwenyewe.

Dada yako,
Hajra