Ngokela ya Kliniki Yangu

Alhamisi, Julai. Mbamba Bay, jioni. Upepo wa ziwani unapiga bati la gesti hii kama unadai kodi.

Leo moyo wangu umejaa, acha niuseme.

Mimi ni muuguzi. Nilirudi shule nikachukua shahada ya uzamili, na sasa kila Alhamisi naendesha kliniki ya presha na sukari katika kituo cha afya huko Ngumbo. Napima, nashauri, narekebisha dozi. Wapo wakubwa wasioipenda. Wanasema kliniki ni kazi ya daktari, muuguzi asaidie. Leo walikaa kikao hapa kuamua kama ifungwe, na kikao chenyewe wakakiweka Alhamisi. Nikienda kujitetea, wazee wangu wa kliniki wanakuta mlango umefungwa. Nisipoenda, naamuliwa nikiwa sipo.

Nililia jikoni kama mtoto, kisha nikaandika kwenye kundi letu la simu, la wauguzi wachache wenye masomo kama yangu. Sikuomba kitu. Nilikuwa nalalamika tu.

Kandida, wa kituo cha Liparamba, alikuwa likizo kwao Mbinga. Ni Mmatengo, na kwao mwenye shamba akizidiwa huita ngokela: majirani wanakuja na majembe, yeye anawapikia, na siku nyingine anakwenda kulima kwao. Akajibu kwa kifupi: "Hii ni ngokela. Wewe pika tu." Mimi wa kutoka Tabora nilidhani ngokela ni ya majembe peke yake.

Jana akashuka, yeye na Tumaini, muuguzi mwenzetu. Mfawidhi wetu, mkuu wa kituo, aliwapokea kwa furaha. Nikawaachia sufuria ya samaki, mbasa wa ziwani, nikapanda gari.

Kikaoni niliongea vizuri mpaka mwenyekiti akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Sista, siku usipokuwepo, nani atawaona hao wazee?"

Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Siku yenyewe ni leo, mheshimiwa. Na wanaonwa."

Akampigia mfawidhi palepale, simu ikiwa kwenye spika. Mfawidhi akasema foleni inakwenda. Nyuma yake sauti ya Kandida ikasikika, akimgombeza mtu kuhusu chumvi: "Shikamoo babu, lakini hii presha umeipika mwenyewe!" Chumba kizima kikacheka, hata yule aliyenipinga zaidi.

Kliniki inabaki. Na wamesema tuandae mpango wa kupokezana, ili kliniki kama hii ianzishwe Liparamba pia.

Nilitoka nje nikiwaza. Miaka yote nimejivunia kliniki yangu, mikono yangu, wagonjwa wangu. Kumbe kilichoiokoa ni kwamba inaweza kwenda bila mimi. Bibi Efrazia, aliyeapa hamezi kidonge nisichompa mimi, naambiwa amesema Kandida ana mkono mwepesi kunizidi. Nimeona wivu. Nimeona na raha.

Asante, Kandida. Asante, Tumaini. Mungu awazidishie pale nisipofika.

Halafu jioni hii Tumaini akanitobolea siri kwa simu: Kandida hakuwa amepumzika huko likizo. Kahawa yake imeiva, na ameiacha mtini aje Ngumbo.

Jumamosi napanda Mbinga. Sijawahi kuchuma kahawa maishani mwangu, na najua nitachekwa shamba zima. Wacha wacheke, mimi nitakuwa nachuma.