Mahali Ilipoelekeza Kompyuta ya Biira

Kompyuta ya Biira imetuonyesha mahali pa kumtafuta, kaka yangu Eridadi! Salamu baadaye. Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa Kasim wa lori akufikishie huko Bwera.

Mpwa wako alitoka Kahendero Jumatatu kwenda kupima maji ya ziwa, dhoruba ikapindua mtumbwi. Mwenye mtumbwi aliogelea akafika. Biira hajaonekana.

Sasa sikia mtoto niliyemzaa! Ameifundisha kompyuta ziwa zima: upepo, matope, samaki, hata ule uchafu wa kijani unakoelekea. Nikamwambia Hidayah, mwenzake wa kazi, "Iulize ziwa limempeleka wapi."

Akalia. "Mama, hii inajua vitu vinavyoelea tu."

"Basi mwanangu anaelea. Uliza!"

Ikaonyesha matete ya ng'ambo. Nani mwingine hapa Kasese ana mtoto wa hivyo?

Wavuvi wamekubali kwenda, ila wanataka watu zaidi. Mchungaji alikuja kuniuliza habari za kaburi, nikamfukuza. Lete vijana wenye nguvu, kamba, na blanketi nzito, maana atakuwa na baridi. Turubai la msiba msilete.

Ni mimi dada yako Feresita, mama yake Biira.

Tunaingia ziwani asubuhi. Waambie wote, ni Alhamisi.