Baba, Wageni wa Treni Walikufaidi Kuliko Sisi

Mwaka umepinduka, Baba, tangu utuage ukiwa kitandani mwako, sisi tumekuzunguka. Angalau siku hiyo hatukukugawana na mtu.

Maana maisha yako yote tulikugawana na wageni. Ulikuwa kijana reli ilipoingia bondeni kwetu, ukapasua miamba pamoja na wajenzi. Treni za kwanza za watalii zilipoanza kuja, hoteli ikakuajiri uwatembeze wageni kando ya mto hadi kwenye maporomoko. Wakakupenda. Wakakubandika jina, Bwana Mto, na picha yako ikatundikwa stesheni.

Nyumbani ulirudi sauti imekauka. Tukikuomba hadithi unasema, "Kesho, wanangu," na hadithi zenyewe umeshawamalizia watu waliokaa siku mbili wakaenda zao. Mama akisikia honi ya treni alikuwa ananuna. Alisema mke mwenzake ana magurudumu.

Lakini moyo wako, Baba! Mgeni mmoja, bibi kizee, aliteguka mguu kule juu, ukambeba mgongoni hadi stesheni. Habari zikafika nyumbani kabla yako. Mama akakuuliza yeye ulimbeba lini. Uliweka kikombe chini, ukambeba, ukazunguka naye ua mzima, majirani wakichungulia, yeye akikupigapiga mabegani kwa aibu. Alikuwa anacheka. Tulimwona.

Ulipofariki, meneja wa hoteli alikuja kuomba uzikwe juu ya maporomoko, wageni wakifika wakuone. Alisema ni heshima kubwa. Baba mdogo alishaanza kulainika. Mama akamjibu meneja taratibu, "Mmekuwa naye miaka yote. Sasa mwacheni akae kwake."

Tukakuzika nyuma ya nyumba, upande ambao reli haionekani.

Wageni bado wanashuka treni na kukuulizia. Mama huwakaribisha chai, huwasikiliza kwa adabu wakikusifia, kisha huwasindikiza hadi barabarani. Kaburini hawafikishi. Huko huenda mwenyewe kila asubuhi, anakaa anaongea nawe mpaka jua linapanda, na sisi wanao haturuhusiwi kumfuata. Siku hizi tunamwonea wivu yeye.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mdogo wako fundi seremala, wakwe na wajukuu zako.

Wewe ni wetu, Baba. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.