Kamba za Machela ya Mama Mwanaidi

Mama, mwaka umetimia tangu tulipokuzika hapa Kang'ata, mwezi wa tano 1976, wanawake uliowazalisha wakiwa wamejaa uani mpaka barabarani.

Wakunga wengine husifiwa kwa mikono yao. Wewe tunakukumbuka zaidi kwa maswali. Mjamzito akifika kwako hukuanza na tumbo, ulianza na mumewe. "Siku ikifika, huyu ataondoka hapa na nini? Nani watambeba?" Mwanamume akijikuna kichwa, ulimrudisha nyumbani akafikirie. Ulipenda chai ya mchaichai, ulipenda kuwakata watoto kucha, na hukuweza kupishana na mwenye mimba njiani bila kumwuliza amekula nini.

Mtu mmoja hakuyapenda maswali hayo, naye alikuwa ndani ya nyumba yako: mkweo Mwantumu, mke wa mwanao Mbwana. Yeye mwenyewe ametuomba tuyaandike haya, tena amesimama hapa kuhakikisha hatupunguzi.

Mwaka wa 1974, tulipohamishwa kutoka mashambani kuja kijiji kipya, mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, mikononi mwako. Kisimani wenzake wakamnong'oneza: "Mkunga gani huyo, wa watu wanapona, wa kwake wanakufa? Fungua macho, dada." Naye akayafungua, tena sana. Toka siku hiyo hukufanya jambo asilolishuku.

Mimba ya pili ilipoingia ulimpa mayai. Hapa kila mtu alijua kwamba mjamzito hali mayai, mtoto atazaliwa na kipara. Wewe ulikuwa umetoka kwenye mafunzo ya wakunga, ukasema, "Kula, mwanangu, upate nguvu." Yeye akaona unamlisha mwiko kwa makusudi. Aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayapeleka kwa jirani.

Halafu ikaja machela. Miezi saba ilipotimia ulimwambia Mbwana akate miti miwili mirefu na alete kamba za katani kutoka Ngombezi, alikokuwa akifanya kibarua cha mkonge. Ukaisuka mwenyewe uani, ukamtaka ataje wabebaji wanne. Mbwana akataja mmoja mmoja. Mwantumu alikuwa jikoni anasonga ugali, akasikia yote. Kwetu miti miwili na wanaume wanne ni habari ya maziko.

"Mama yako ananiandalia jeneza ningali hai," alimwambia mumewe.

Mbwana akacheka. Hakupaswa kucheka.

Ulipokwenda kuzalisha kijiji cha jirani, Mwantumu aliishusha machela darini, pale moshi wa jiko unapozuia mchwa, akazikata kamba zote kwa kisu. Vipande akavifunga kwenye kitambaa cha kanga yake kuukuu, akavificha chini ya kihenge cha mahindi. Siku ya tatu akatazama juu: machela ipo, ina kamba mpya. Akakata tena. Ikasukwa tena. Hukumwuliza mtu. Ulimpakulia chakula kama kawaida, naye akazidi kukuogopa, maana mtu aliyeharibiwa kitu chake akanyamaza, ana lake jambo.

Uchungu ulimshika asubuhi. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa ametanguliza mkono. Hukuuvuta. Ulisema, "Huyu simwezi, ni wa hospitali," ukaita yale majina manne, na wote wanne wakaja wakikimbia. Walimbeba mpaka barabara kuu, lori likampeleka Handeni, akapasuliwa, na mtoto, Mwaija, akalia. Njia nzima ulikuwa pembeni umeshika mti wa machela. Mwantumu kila alipofumbua macho aliona kamba ulizozisuka, na aibu ikamuuma kuliko uchungu.

Alitaka kukwambia. Alianza mara nyingi, nawe kila mara ukamtuma maji au ukamkabidhi mtoto. Kisha homa ikakushika, na wiki haikuisha ukatutoka.

Baada ya arobaini, baba, Mzee Muhidini, alifungua sanduku lako la kazi. Zilikuwamo nyembe, sabuni, uzi, na chini kabisa kifurushi cha vipande vya katani ndani ya kitambaa cha kanga ya Mwantumu. Ulikuwa umejua toka mwanzo. Mwantumu alikaa chini palepale, akalia kuliko siku ya msiba. Leo anakuomba radhi, mama, mbele ya watu wote.

Sasa wajawazito wanakwenda kwake, naye huwapa mayai na kuwauliza maswali yako. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba, hatumtaji, aliyapokea mayai yake kwa mikono miwili, akashukuru sana. Jumatatu Mwantumu akamsukia machela nyumbani kwake. Alhamisi alipopita tena, kamba zote zilikuwa zimekatwa. Mbwana alitaka kwenda kuuliza ni nani. Mwantumu akamwambia anyamaze, akachukua katani nyingine, akakaa uani akaanza kusuka.

Unakumbukwa na mumeo Mzee Muhidini, mwanao Mbwana, mkweo Mwantumu, mjukuu wako Mwaija ambaye hamalizi siku bila yai, na wote uliowapokea duniani, Kang'ata na Chanika.

Mungu akulaze pema, mama. Maisha yetu yote hatutakusahau.