Mlango wa Uani kwa Bi Zuleikha

Alhamisi, 5 Juni 2025
Leo mwisho wa kuzunguka majumbani. Jumatatu naanza uratibu: wagonjwa arobaini, nami sitamgusa hata mmoja. Nitapanga muuguzi gani aende kwa nani, nisome ripoti. Miezi mitatu ya majaribio.

Nimemalizia kwa Bi Zuleikha, Shela ya hapa mjini, si ile ya Lamu. Nikaingia kwa mlango wa uani – wa mbele ni wa wageni – nikakalia mbuzi ya nazi, nikamwosha miguu. Sukari imeua hisia zote nyayoni. Kesho Idi, kataka hina. Nikampaka mwenyewe, nyayo nzima. Kisigino cha kushoto kina doa jeusi, mabaki ya piko, ile rangi nyeusi, ya harusi ya mjukuu. Nikapaka juu yake. Akaniombea dua ndefu, akaniita mwanangu. Mimi, Mgiriama, Mkristo!

Jumatano, 11 Juni
Bi Zuleikha nimempa muuguzi Ruqaiya, aanze kesho. Mtu wa Lamu, mpole, mikono myepesi. Hakuna anayefaa kumzidi. Ndilo linaloniuma.

Jumatano, 18 Juni
Nimekwenda kukagua. Gari la ofisi, dereva akapiga hodi mbele. Nikakaribishwa sebuleni. Soda, kwenye trei! Bi Zuleikha kaletwa kunisalimia, nikampa shikamoo, akaniita "bosi wetu". Akamsifu Ruqaiya: anamkanda miguu huku anamchekesha, mtoto huyu Mungu kamleta. Kisha akaita kuelekea uani, "Mwanangu, njoo umwone mkubwa wako." Neno lile lile. Sauti ile ile.
Ruqaiya akatokea na maji mikononi. Alikuwa kwenye mbuzi yangu.
Soda nimeimaliza yote. Sikuwa na kazi nyingine ya mikono.

Alhamisi, 19 Juni
Kule Tezo, mbali na Shela, wagonjwa hawana muuguzi. Nimeandika jina la Ruqaiya kwa penseli. Nimelifuta. Nimeliandika tena. Kazi ni kazi, mtu hupelekwa anakohitajika. Mwongo mimi.

Jumanne, 24 Juni
Ruqaiya kaja ofisini na faili. Hina ya Bi Zuleikha imepauka. Chini yake, kisigino cha kushoto, nyama imekufa. Bibi amelazwa tangu asubuhi. Daktari anahofia mguu, anataka kujua kidonda kilianza lini.

Lile doa. Halikuwa piko. Nililifunika kwa vidole vyangu.

Fomu ya kidonda ameijaza yote isipokuwa tarehe. Akasema, macho chini, "Hiyo nimekuachia wewe, dada. Bibi kaniambia nani alimpaka hina."
Nikamuuliza bibi kasema nini zaidi. Akajibu: "Kasema usitajwe. Kasema, yule ni mwanangu, muacheni."

Wiki mbili nimelililia neno hilo. Limekuja leo.

Ruqaiya yuko nje kwenye benchi, anangoja faili aipeleke hospitali. Naandika hapa kwa sababu kule kwenye fomu siwezi. Nikiandika kumi na mbili Juni, siku aliyoanza yeye, kidonda ni chake. Nikiandika tano, ni changu, na meza hii naipoteza. Naye anajua. Na karatasi ya Tezo ilikuwa mezani muda wote, jina lake juu – ameisoma, nilimwona akiisoma. Hakusema kitu. Hata hapa kanishinda!

Jina nimelifuta. Mpaka karatasi imechanika.
Nafasi ya tarehe bado nyeupe.
Anapiga hodi, polepole, mara mbili. Wodini wanaulizia faili ya bibi, anasema. Dada, tayari?