Chungu Kilicholowesha Mchanga

Lyulilo, Jumapili baada ya ibada

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Ugonile! Leo nakueleza yote, hata ya aibu. Sisi ni wazima, na babu yako anamtangazia kila mvuvi kwamba utarusha helikopta ya polisi.

Unauliza kama uandike kwenye kitabu chako cha rubani saa ambazo hujaruka, kwa kuwa ulizoruka zimepungua kidogo na usaili wa polisi umekaribia.

Nilipokuwa na umri wako, chungu changu cha kwanza kilipata ufa motoni. Nikauziba kwa udongo, nikakipaka rangi nyekundu, nikakileta sokoni hapa. Mama mmoja akakijaza maji ya ziwa, akakiweka juu ya mchanga mkavu, tukapiga soga. Alipokiinua, mchanga umelowa.

"Binti, chungu chako kinakojoa!"

Soko zima likacheka. Mama yangu naye akacheka, kisha akaninong'oneza, "Ndaga, asante Mungu, kimevujia hapa, si jikoni kwake."

Nikarudi kufinyanga. Cha pili kilikaa mchangani mpaka yule mama akachoka kusubiri kivuje, akakichukua.

Nijibu upesi: zimebaki saa ngapi za kuruka kweli?

Bibi yako