Ile Pijo ya Bisil

Jumamosi, Kitengela

Hakuinunua. Mutua wangu, ambaye tangu tuoane haongei kingine mezani ila gari la pijo kuukuu kama la marehemu babu yake, hakuinunua!

Tulienda kuiona leo Bisil, nyuma ya soko la ng'ombe. Ilikuwa na kutu hadi kwenye paa, na injini yake ilishatolewa ikawekwa ya pikapu. Lakini jamani, ilinguruma vizuri! Mutua alifumba macho kuisikiliza, nami nikampenda upya. Nilikuwa tayari kumwambia aichukue tu.

Kisha akainua zulia la ndani. Upande wa dereva, chuma kilikuwa kizima. Upande wangu, niliona nyasi kupitia sakafu.

"Si mama atakaa nyuma? Kwani iko shida?" mwenye gari akacheka.

"Mzee wangu, mimi nimeoa juzi tu," Mutua akamjibu. "Huyu anakaa hapa karibu na mimi."

Akafunga boneti polepole, akaipigapiga kama mtu anayeaga rafiki.

Tukirudi alizidi kugeuka kutazama nyuma mpaka Kajiado. Naogopa atakuja kujuta, na siku moja tukikosana aseme ni kwa sababu yangu... Hapana, sitaki kuwaza hayo.

Mungu, asante kwa mwanamume huyu. Mkono wa gauni langu la buluu una alama za vidole vyake, kutu tupu, pale aliponishika tukiondoka. Mama angeniambia nipake ndimu haraka kabla kutu haijakolea.

Wacha ikolee.